Alisubu pistoni kwa mikebe, akavunja rekodi ya dunia

KATIKA mji wa Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand, palikuwa na banda la kuegeshea gari kando ya barabara ya Bainfield ambalo mwenyewe aliligeuza kuwa nyumba. Ndani yake mlikuwa na kitanda, pikipiki mbili kuukuu, vifaa vya kazi na rafu moja iliyosheheni vyuma vilivyoharibika.

Juu ya rafu hiyo palipangwa pistoni zilizopasuka na vipuri vingine vilivyokufa kazini, na maandishi yaliyoutangaza mzigo huo wote kuwa sadaka kwa mungu wa kasi. Mtu mwingine angeviuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Burt Munro aliviweka mahali ambapo angeviona kila siku.

Wengi wa kizazi cha sasa walimjua Munro kupitia filamu ya The World's Fastest Indian, iliyotolewa mwaka wa 2005 ikiongozwa na Roger Donaldson na kuigizwa na Anthony Hopkins. Neno Indian katika anwani hiyo halina uhusiano wowote na mtu wa India. Ni jina la kampuni ya Marekani iliyotengeneza pikipiki mjini Springfield, jimbo la Massachusetts.

Filamu hiyo inapendeza, ila imezikusanya safari nyingi za mzee huyo zikawa moja, na kumpa katika jaribio la kwanza kasi ambayo hakuwahi kuandikiwa rasmi maishani. Ukweli wenyewe ulichukua muda mrefu zaidi, na ulikuwa na gharama ambazo hazikutoshea katika hadithi ya saa mbili.

Herbert James Munro alizaliwa Machi 25, 1899. Pacha wake wa kike alifariki wakati wa kuzaliwa, na madaktari wakawaonya wazazi kwamba hata huyu aliyebaki hangevuka umri wa miaka miwili. Alivuka, akakulia katika shamba la familia huko Edendale, na tangu utotoni alipenda kumpanda farasi mwenye mbio kuliko wote shambani, jambo lililomkera baba yake.

Mnamo 1920, akiwa na umri wa miaka 21, alinunua pikipiki mpya aina ya Indian Scout. Ilikuwa ya 627 kutoka kiwandani tangu muundo huo uanze kuundwa. Hakuna aliyejua siku hiyo kwamba mnunuzi na pikipiki hiyo wangeishi pamoja kwa zaidi ya nusu karne.

Scout ilikuwa kazi ya Charles Franklin, mhandisi kutoka Ireland. Injini yake ilikuwa na silinda mbili zilizokaa kwa umbo la herufi V, ujazo wa sisi 600, na vali zilizopachikwa ubavuni mwa silinda. Ilikuwa mashine ya kutegemewa, ya kumfikisha mtu alikokwenda na kumrudisha, na kasi yake ya juu haikuzidi kilomita 88 hivi kwa saa.

Kasi hiyo haikumtosheleza Munro. Kuanzia 1926 alianza kuifungua injini na kuibadilisha, na hakuacha hadi afya ilipomshinda.

Ili kuelewa alichokifanya ni vyema kujua tatizo lililomkabili. Vali za ubavuni hurahisisha uundaji wa injini lakini huinyima pumzi. Mchanganyiko wa hewa na petroli hulazimika kupinda njia kabla ya kuingia katika silinda, na chumba cha mwako huwa kipana mno kiasi kwamba mchanganyiko huo haukandamizwi ipasavyo kabla ya kuwashwa. Munro alizihamisha vali na kuziweka juu ya silinda, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na kiwanda chenye wachoraji wa ramani na mitambo ya kukereza vyuma.

Yeye hakuwa na kiwanda wala fedha. Wakati mmoja alikuwa mkulima, wakati mwingine fundi na muuzaji wa pikipiki. Vipuri vya injini aliyokuwa akiibuni havikuwepo dukani, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na injini kama hiyo.

Hivyo alivitengeneza mwenyewe. Pistoni alizisubu kwa kuyeyusha vyuma na kuvimimina katika mikebe mikuukuu iliyotumika kama kalibu. Silinda alizipata kwa kukata na kusawazisha bomba la chuma lililokuwa likipitisha gesi. Mikono ya kuunganisha pistoni na krenki aliichonga kutoka kwa ekseli ya trekta, akitumia msumeno na tupa hadi ikapata umbo. Hata magurudumu mazito ya ndani yanayosawazisha mzunguko wa injini yalikuwa kazi ya mikono yake. Kipimio chake kilikuwa kipande cha spoki kuukuu ya gurudumu.

Fundi yeyote wa jua kali ataitambua hali hiyo. Tofauti ni kwamba kipuri cha posho mill au mkokoteni kikikosewa kwa unywele mashine hulalamika tu na kuendelea na kazi. Ndani ya injini inayozunguka mara maelfu kwa dakika, unywele huo huo huipasua pistoni na kuwatupia watu vipande.

Nazo zilipasuka kweli. Injini ina tabia moja isiyokwepeka: ukiimarisha sehemu moja, mzigo huhamia kwa jirani yake. Silinda ikipanuliwa, mlipuko huwa mkubwa na mkono wa pistoni hukatika. Mkono ukifanywa mnene, huwa mzito na kuielemea krenki. Krenki ikistahimili, nguvu husafiri hadi kwenye gia na mnyororo. Ndiyo maana mfumo wa asili wa kuhamisha nguvu kwa meno ya gia ulilazimika kuondolewa, na mahali pake akafunga minyororo mitatu sambamba.

Rafu ile ya sadaka, kwa maneno mengine, ilikuwa daftari lake. Kila chuma kilichovunjika kilimwonyesha mahali pa kwenda baadaye, na yeye alikuwa tayari kuufuata ushauri huo hata ulipomgharimu miezi ya kazi ya usiku. Asubuhi ilipofika alikwenda kutafuta riziki kama watu wengine.

Mnamo 1940 aliweka rekodi ya New Zealand ya barabara ya wazi, kilomita 194 kwa saa, akitumia pikipiki ambayo kiwanda kiliiunda kwenda chini ya nusu ya hapo. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi, umri ambao waendeshaji wengi huwa tayari wamestaafu.

Hata hivyo, nyumbani mambo hayakuwa na rekodi ya kujivunia. Munro alimwoa Florence Beryl Martyn mnamo 1927, na walijaliwa watoto wanne, mvulana mmoja na wasichana watatu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 ndoa hiyo ilikuwa imevunjika, naye akaacha kazi ya mshahara na kuhamia katika banda lake pamoja na pikipiki zake, ile Indian na Velocette ya 1936 aliyokuwa akiiboresha vilevile.

Wanaomsimulia aghalabu huipita sehemu hii haraka, kana kwamba kulala kando ya injini ni utani wa mzee mcheshi. Usiku una saa zake tu, na saa alizompa krenki hazingeweza kupewa mtu mwingine. Si haki kumsifu kwa yale aliyoyajenga bila kutaja kilichobomoka pembeni.

Mnamo 1957, katika ufuo wa Oreti ulio karibu na Invercargill, aliweka rekodi nyingine ya taifa, kilomita 211 kwa saa. Ufuo huo ulimfaa kwa sababu ni mrefu na mchanga wake hukazana maji yanapopwa, lakini kwa injini yake ulikuwa umeanza kuwa mfupi.

Macho yake yalikuwa Bonneville, katika jimbo la Utah, Marekani. Hapo pana uwanda wa chumvi, mweupe na mtupu, ambapo kwa miongo mingi waliotaka kujua mwisho wa kasi ya mashine zao walikwenda kujipima. Alikwenda huko mara 10 kwa jumla. Safari ya kwanza ilikuwa ya kutazama tu. Katika zile tisa zilizobaki alishindana.

Uwanda huo una ukatili wake. Uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Injini iliyorekebishwa Invercargill, karibu na pwani, ilipofika pale ilipata hewa haba kwa kiasi kile kile cha petroli, na kabureta ililazimika kupimwa upya.

Hewa hiyo hiyo ilikuwa adui kwa namna nyingine. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayohitajika kuipasua hewa huongezeka mara nane. Hakuna pistoni ya kusubu kwa mkebe ambayo ingelipa deni hilo peke yake, na kwa sababu hiyo Munro aliivisha pikipiki ganda refu lililochongoka kama samaki, yeye akilala kifudifudi ndani yake. Ganda lilipunguza ukinzani wa hewa lakini likaleta mawili mengine: joto lilinaswa karibu na injini inayopozwa kwa hewa, na upepo wa pembeni ukapata ukuta wa kusukuma.

Agosti 1962, akiwa na umri wa miaka 63 na tayari akisumbuliwa na maradhi ya moyo, aliendesha Scout yake, wakati huo ikiwa na ujazo wa sisi 850, kwa wastani wa kilomita 288 kwa saa. Ilikuwa rekodi ya dunia katika kundi lake. Pikipiki yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 42.

Alirudi tena na tena. Mwaka wa 1966 aliweka rekodi katika kundi la injini kubwa zaidi, kilomita 270 kwa saa. Mwaka uliofuata, injini ikiwa imefikisha sisi 950, alivunja rekodi yake mwenyewe kwa wastani wa maili 183.586 kwa saa, yaani kilomita 295. Katika mkondo mmoja wa kufuzu alipimwa akienda kilomita 305 kwa saa. Alikuwa na umri wa miaka 68.

Ni mwaka huo huo chumvi ilipokaribia kumchukua. Alipopita katikati ya mkondo, pikipiki ilianza kuyumba. Breki hazina maana katika kasi kama hiyo, basi akainuka na kuketi wima ili kifua chake kizuie upepo na kuipunguzia mashine mwendo. Upepo ulimpokonya miwani na kuyasukuma macho yake ndani hata asione chochote. Akiwa ameacha mbali mstari mweusi wa kumwelekeza, alikikosa kigingi cha chuma kwa inchi chache, kisha akailaza pikipiki chini kwa makusudi. Alitoka na mikwaruzo.

Mtu anaweza kuuita ushujaa, na anaweza kuuita ukaidi. Lisilopingika ni kwamba kila sehemu iliyokuwa ikizunguka chini yake wakati huo aliijua kwa vidole vyake, na bila shaka ni mmoja wa watu wachache waliowahi kukimbia hivyo bila kuwa na wa kumlaumu iwapo chuma kingekatika.

Umaarufu ulimfikia akiwa hai, ingawa kwa kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Donaldson, wakati huo kijana, alimtengenezea filamu ya makala iliyopewa jina lililotokana na yale maandishi ya rafuni, na ndiyo mbegu ya ile filamu kubwa ya baadaye.

Mnamo 1977 alipatwa na kiharusi. Alipoona kwamba mwili haumtii tena sawasawa, alikubali kuziuza pikipiki zake mbili kwa Norman Hayes, mfanyabiashara wa Invercargill aliyemiliki duka la vifaa, ili zisiondoke mjini. Alifariki Januari 6, 1978, akiwa na umri wa miaka 78. Wanunuzi wa misumari na rangi katika duka hilo waliendelea kuzikuta zimewekwa ndani kwa maonyesho.

Miaka 36 baada ya kifo chake, jina lake lilirejea katika vitabu vya rekodi. Rekodi za Bonneville hupatikana kwa wastani wa mikondo miwili, mmoja kwenda na mwingine kurudi. Mwanawe John alipozipitia takwimu za 1967 aligundua kwamba hesabu ya wastani huo ilikosewa, akaliandikia shirikisho la waendesha pikipiki la Marekani.

Shirikisho lilikagua upya karatasi zake na, mnamo 2014, likarekebisha rekodi hiyo kutoka maili 183.586 hadi 184.087 kwa saa.