Moraa wa Ngiti, Nyanya wa Kitutu

Mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alipotutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, wenzangu walikimbilia mbali. Huyu akamnyakua Shaka Zulu, yule akamchukua Mekatilili wa Menza, na mwingine akang'ang'ania Mandela hata alipoambiwa kwamba 2013 si zamani. Mimi nikabaki kama mtu aliyefika soko la Keroka jioni akakuta wachuuzi wanafunga magunia.

Jioni hiyo nilimlilia nyanya. Tulikuwa jikoni, yeye akichambua chinsaga, mimi nikipuliza moto wa kuni mbichi mpaka machozi yakanitoka. Nyanya alicheka sana. Alinishangaa kwamba nimekaa darasani miaka mitatu ya sekondari na bado ninatafuta watu wa ng'ambo, ilhali ukisimama nje ya nyumba yetu asubuhi isiyo na ukungu unaiona milima ya Manga, na upande huo wote ni Kitutu, nchi ya Moraa. Basi nikaweka kuni chini, nikachukua daftari.

Moraa wa Ngiti alikuwa mganga na mtabiri. Siku zile Abagusii walikuwa na watabiri waliosikizwa kuliko machifu wa leo. Mkubwa wao alikuwa Sakawa, yule anayesemekana kwamba alionyesha hata mahali ambapo askari, hospitali na shule za wageni zingesimama hapo Getembe, yaani mji wa Kisii wa sasa, kabla mzungu hajaweka mguu. Sakawa aliondoka mwanzoni mwa karne iliyopita. Alipokuwa hayupo tena, wageni wakaja kweli, na sauti iliyobaki ikisikika Kitutu ilikuwa ya mama huyu. Hakuwa na jeshi wala kiti cha ufalme. Alikuwa na dawa zake, kinywa chake na umri wake.

Kwanza wageni walikuja na bunduki. Mwaka wa 1905 serikali ya Waingereza ilileta askari wa KAR pamoja na bunduki ya kurusha risasi mfululizo. Vijana wetu waliiendea kwa mikuki na ngao. Sitaki kueleza sana yaliyotokea kwa sababu kila mtu anaweza kuyawaza mwenyewe. Walilala chini wengi, na ng'ombe wakaswagwa. Msomaji ambaye hakulelewa kwetu pengine ataona ng'ombe ni kitu kidogo kando ya maiti. La hasha! Bila ng'ombe kijana hakuoa, maziwa hayakuwepo, na mzee hakuwa na neno mbele ya wenzake. Kuchukua ng'ombe wa boma ilikuwa sawa na kuwachukua watoto ambao bado hawajazaliwa.

Mwaka wa 1907 ofisi ikafunguliwa Kisii, na bwana mmoja kijana aitwaye Northcote akaletwa kuwatawala watu. Jina hilo liliwashinda wazee, wakamwita Nyarigoti. Kodi ikaanza kudaiwa, na yule ambaye baba yake hakuwahi kutoa chochote kwa mtu yeyote sasa akatakiwa kulipa kwa kuwa tu ana nyumba.

Hapo ndipo Moraa alipowashangaza wanaume. Nyanya anasimulia sehemu hii akiwa amesimama, mwiko mkononi, hata mboga ziungue. Wazee wanaeleza kwamba Moraa aliwakuta wanaume wamekaa wakinung'unika, akawacheka waziwazi. Aliwaambia kwamba kama wao wameogopa, basi wawape wanawake mikuki na ngao, nao wanaume wabaki nyumbani kusaga wimbi na kubembeleza watoto. Sijui kama msomaji wangu wa kiume anaelewa uzito wa maneno hayo. Kwetu, hata leo, ukimwambia mvulana wa kidato cha kwanza hivyo mbele ya wasichana, hamli chakula cha mchana pamoja kwa wiki nzima. Sasa waza akiambiwa mwanamume mzima, tena na mama wa umri wa kumzaa.

Tena Moraa aliwapa dawa. Aliwaambia kwamba risasi za mzungu zitageuka maji. Niliposikia hayo nilimkumbuka Kinjikitile wa Tanganyika, ambaye katika vita vya Maji Maji vilivyoanza 1905 aliwapa watu maji na ahadi ileile. Sidhani kama hawa wawili walisikiana. Nafikiri mtu asiye na bunduki akimkabili mwenye bunduki anahitaji kitu cha kumtoa nyumbani, na hicho ndicho kilichokuwepo.

Aliyetoka nyumbani alikuwa Otenyo, kijana wa jamaa yake Moraa mwenyewe. Januari 1908 alimvizia Nyarigoti njiani, akamchoma mkuki. Habari ikaenea Kitutu kwamba mzungu amekufa, na watu wakainuka. Kumbe hakufa. Alitibiwa akapona, akaendelea na kazi yake ya serikali mpaka mwaka wa 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Nilipokuta jambo hilo katika kitabu cha maktaba nilifunga kitabu kwanza. Alama ya mkuki wa Kitutu ilisafiri mpaka China ndani ya shati la gavana!

Adhabu ilikuja haraka. Askari walirudi, nyumba zikachomwa, maghala pia, na ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu. Ripoti za Waingereza wenyewe zilihesabu waliouawa zaidi ya 100, hata Winston Churchill, ambaye wakati huo alikuwa naibu katika wizara ya makoloni kule London, akaandika kulalamika kwamba mauaji yamepita kiasi. Malalamiko hayo hayakumfufua mtu. Otenyo alikamatwa akauawa. Watu wa Kitutu wanasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na mpaka leo jamaa zake wanataka kirudishwe wakizike.

Na Moraa je? Alibaki. Vitabu vyetu vya shule vinaeleza kwamba aliishi hadi miaka ya 1920, bibi kizee anayeheshimiwa, katika nchi ileile ambayo watu wake walipigwa kwa sababu walimsikiliza.

Hapa, msomaji, nilikwama. Nilikuwa nimejaza kurasa mbili za sifa, halafu nikaanza kumkasirikia. Mimi nimelelewa na nyanya tangu nikiwa darasa la pili. Anaijua hata sauti ya kikohozi changu. Nikajiuliza, nyanya anayempenda mtoto namna hii anawezaje kumpa mkuki na dawa ambayo haitamsaidia, akamwelekeza kwenye njia ya mzungu? Nikamuuliza nyanya vilevile, bila kuzunguka.

Aliacha kuchambua mboga. Kwa muda mrefu hakujibu, nikadhani nimemkosea adabu. Mwishowe alianza kueleza polepole. Alisema kwamba Moraa aliamini dawa yake, na kwamba hakumtuma mtoto wa jirani, alimtuma wa kwake. Alisema pia kwamba kila mtu Kitutu alikuwa anajua ni kitu gani kinatakiwa kufanywa, na aliyekitamka ndiye aliyebeba mzigo. Kisha akaniuliza kama ninafikiri ile miaka yote Moraa aliyoishi baadaye ilikuwa zawadi. Kila asubuhi anaamka, Otenyo hayupo. Sikuwa na jibu. Bado sina, na nimeamua kutolibuni kwa ajili ya gazeti hili. Otenyo hakupewa miaka hiyo, awe alikubali mwenyewe kwenda au la.

Nitaongeza jambo moja tu ambalo limenifurahisha. Yule mwenzangu aliyemchukua Mekatilili alinionyesha kwamba mama huyo wa Wagiriama alipokamatwa Oktoba 1913 kwa kuwachochea watu wasiutii utawala wa Waingereza, alihamishiwa wapi? Kisii! Serikali ilitaka kumtupa mbali kabisa na pwani, ikamleta karibu na kwao Moraa. Januari 1914 Mekatilili na mwenzake Wanje wakatoroka, wakashika njia ya kurudi pwani, safari ya mamia ya kilomita. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mama hawa wawili walionana. Lakini mimi nikipita karibu na magereza ya Kisii nikiwa kwenye matatu huwa nawaza kwamba pengine mmoja alipita barabarani na kikapu chake, mwingine akamwona, wakaangaliana tu kwa kuwa lugha hawakuelewana.

Nilipomaliza kuandika nilimsomea nyanya yote, nikitafsiri Ekegusii pale Kiswahili changu kilipokuwa kigumu. Aliridhika, ila alitaka niongeze kwamba chinsaga ile iliungua kwa sababu yangu. Nimeongeza. Jana jioni giza lilikuwa linaingia, akataka kunituma dukani kununua chumvi. Alisimama mlangoni, akatazama barabara, akaniuliza kwanza kama ninakubali kwenda. Kisha akacheka peke yake, akachukua tochi, tukaenda wote wawili.