Profesa Whiteley na Lahaja za Mwambao

Mtaa wa Rhonda, hapa Nakuru, hauna mwenyewe katika lugha. Muuza mboga humwamkia mnunuzi kwa Kijaluo, akataja bei kwa Kiswahili, kisha akamgombeza mwanawe kwa Kiluhya. Mimi mtu wa Mvita nikiwasikiliza humkumbuka marehemu Profesa Wilfred Whiteley, Mwingereza aliyeona kuwa mchanganyiko huu ni elimu ya kuandikwa.

Alizaliwa mwaka 1924. Alianza kwa kusomea mila za watu, ndipo akaingia katika lugha. Miaka ya 1950 alikuwa katibu wa Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, wakati huo ikiwa Makerere. Kamati hiyo ikilinda Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja. Ajabu, msomaji, ni kuwa katibu mwenyewe alitoka kwenda kuzitafuta lahaja zilizokuwa zikifunikwa na usanifu huo. Mwaka 1956 alitoa kitabu cha Kimtang'ata, lahaja ya Mrima upande wa Tanga. Mwaka 1958 akatoa cha lahaja na mashairi ya Pemba. Mwaka huo huo akaandika juu ya Kiiraqw cha bara Tanganyika, ambacho si Kibantu hata kidogo. Tena ndiye aliyefasiri kwa Kiingereza maisha ya Tippu Tip.

Kazi niipendayo ni ile ya Pemba. Sisi wa chuoni tulifunzwa makhraji tangu utotoni, tukajua kuwa mwenye kugeuza herufi hugeuza maana. Kisha tulipoingia skuli tukachekwa kwa kusema "mato" na "ndoo," eti si Kiswahili! Waama, yeye aliyetoka ng'ambo aliziona lahaja ni mali, ilhali wenyewe tulikuwa tukifunzwa kuzionea haya.

Baadaye akawa Profesa wa Lugha za Kibantu, London. Hata hivyo alirejea Kenya kuongoza uchunguzi mkubwa wa matumizi ya lugha, mjini na mashamba. Humo mna habari za Kaloleni na Bahati, mitaa ya Nairobi iliyochanganya makabila kama Rhonda, zilizoandikwa na David Parkin. Laiti angaliishi, asaa angalipanda pia Mau kwa Waogiek, ambao watoto wao wengi sasa husema lugha za majirani. Alifariki mwaka 1972, hajatimiza miaka 50. Kitabu cha uchunguzi ule kilitoka mwaka 1974, jina lake likiwa juu ya jalada.