Liedholm: Fundi wa pasi aliyehamia kwenye mizabibu

MASHABIKI wengi wanakumbuka Messi alivyofunga kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2022 akiwa na miaka 35. Wachache wanajua kuna aliyemzidi umri kwa karibu miezi mitatu: Nils Liedholm wa Sweden.

Ilikuwa 1958, nyumbani kwao. Nahodha Liedholm aliitungua Brazil dakika ya nne tu. Bahati mbaya, upande wa pili alikuwepo dogo wa miaka 17, Pele, na mechi ikaisha kwa Sweden kulala 5-2.

Liedholm alizaliwa 1922 Valdemarsvik, akatwaa dhahabu ya Olimpiki London 1948, kisha 1949 akatua AC Milan. Yeye na Wasweden wenzake, Gunnar Gren na Gunnar Nordahl, waliitikisa Italia nzima. Alibeba ubingwa mara nne, akatundika daluga 1961.

Kwenye ukocha aliipa Milan ubingwa wa 10 mwaka 1979, na 1983 akawafuta machozi Roma waliosubiri miaka 41. Msimu uliofuata, fainali ya Klabu Bingwa Ulaya ikapigwa palepale Roma, kwenye uwanja wao. Liverpool wakabeba kwa mikwaju ya penalti. Hiyo iliuma.

Sweden hakurudi. Alinunua shamba Cuccaro Monferrato, kaskazini mwa Italia, yeye na familia yake wakatengeneza mvinyo. Mzabibu, kama pasi zake, hautaki papara. Alifia hukohuko Novemba 2007, akiwa na miaka 85.