Bibi Barira, Mjakazi Aliyeutafuta Uhuru Wake

Vijana wa sekondari huko Kitui na Makueni, wafikapo kwenye somo la biashara ya watumwa, huwatazama wenzao Waislamu na kuwauliza: je, dini yenu haikumpa mtumwa njia ya kutoka? Swali hilo si la ufidhuli. Misafara ya pwani ilipita nchi yao, na katika njaa kubwa ya 1898 hadi 1900 wako wanawake na watoto wa Ukambani waliotolewa kwa chakula. Twaona yafaa wajibiwe kwa habari za Bibi Barira (r.a.).

Barira alikuwa mjakazi Madina. Alipatana na mabwana zake ajikomboe kwa wakia 9 za fedha, wakia 1 kila mwaka. Wakia ilikuwa dirhamu 40, basi jumla ni dirhamu 360. Mapatano haya huitwa kitaba, na yametajwa katika Sura ya An-Nur. Kabla hajalipa chochote alimwendea Bibi Aisha (r.a.) kuomba msaada. Bibi Aisha akakubali kuzitoa zote mara moja na kumwacha huru. Mabwana wakakataa, ila walaa, yaani nasaba ya ukombozi na urithi wake, ibaki kwao. Walitaka fedha, na walitaka pia kamba ibaki mkononi. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari akabainisha kuwa walaa ni ya aliyeacha huru, na kwamba sharti lisilokuwamo katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni batili hata yakiwa masharti mia.

Alipokuwa huru akapewa hiari juu ya mumewe Mughith, ambaye alikuwa mtumwa. Akachagua kuachana naye. Mughith akawa akimfuata njiani mwa Madina akilia, machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume akamhurumia, akamwambia Barira lau angemrejea. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa siyo, ni kumwombea tu. Basi akasema hana haja naye. Hakukemewa, wala hakuitwa mkaidi. Mwanamke aliyekuwa juzi akinunuliwa alikataa shauri la aliye bora wa viumbe, na neno lake likasimama.

Hadithi hii ilisomwa katika madarasa ya pwani yetu miaka mingi, na waliokuwa wakiisoma walikuwa na wajakazi majumbani mwao. Unguja, amri ya 1897 iliwaacha nje masuria, wakangoja mpaka 1909. Mombasa na ukanda wake sheria ilikuja 1907, nayo ililetwa na serikali ya Kiingereza. Wenye kitabu walikuwa na haki ya kutangulia, hawakutangulia. Vijana wa Kitui wakituuliza hili, twaona aibu kuwaficha.

Barira aliendelea kuingia nyumbani kwa Bibi Aisha. Siku moja alipewa nyama ya sadaka, akaipeleka huko. Mtume hakula sadaka, lakini akaeleza kuwa nyama ile kwa Barira ni sadaka, na ikitoka mkononi mwake ni zawadi.