Apolo Kivebulaya hakurudisha fimbo

Wanaofanya judo wanajua somo hili: mtu akikusukuma kwa nguvu, usimsukume. Legea kidogo, nguvu yake mwenyewe itamwangusha. Ndiyo maana ya lile neno ju, ulaini, katika mchezo ambao Mjapani Jigoro Kano alianza kuufundisha Tokyo mwaka 1882. Sisi wa Ituri tukisikia hivyo tunamkumbuka mzee wa wakati uleule, ambaye kaburi lake liko Boga.

Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Tusidhani alizaliwa mpole. Kijana huyo alishika silaha katika vita vya dini vya kwao. Alibatizwa 1895, na mwisho wa 1896 akaja Boga. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wameshindwa na njaa, juu chifu Tabaro alikataza watu kuwapa chakula. Apolo yeye alikuja na jembe. Akalima, akala. Chifu alikuwa amefunga mlango ambao mgeni hakuuhitaji hata kidogo!

Mwaka 1898 mambo yakawa mabaya zaidi. Dada ya chifu alikufa kwa mkuki, ajali tu wakati wa kazi ya ujenzi, na Apolo akasemwa eti ndiye muuaji. Akapigwa sana, akapelekwa Toro, akatiwa gerezani. Alipoachiliwa angeweza kurudi kwao Buganda, na nani angemlaumu? Alirudi Boga, kwa chifu yuleyule. Baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa, akaitwa Paulo.

Leo vijana wanatuuliza: ulaini utasaidia nini mbele ya panga? Wana haki ya kuuliza. Usiku wa kuamkia 31 Mei 2021 watu wengi waliuawa Boga na Tchabi, na hakuna jembe lingewazuia wauaji wale. Lakini fimbo za Apolo nazo zilikuwa za kweli, na baada ya kupigwa hakutafuta watu wa kumlipizia kisasi. Hapo ndipo ugomvi wa Boga ulikatika.

Akawa padri 1903. Uzeeni akaingia msituni kwa Bambuti, watu ambao majirani wengi waliwadharau. Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, juu kazi ya kule ilikuwa bado kwisha.