Elizabeth Glaser

Elizabeth Glaser (jina la kuzaliwa Elizabeth Meyer, New York, 11 Novemba 1947 – Santa Monica, California, 3 Desemba 1994) alikuwa mwanaharakati wa Marekani aliyepigania utafiti wa UKIMWI kwa watoto. Aliianza kazi hiyo binti yake akiwa mgonjwa, akaiendeleza baada ya kumzika, huku yeye mwenyewe na mwanawe wa kiume wakiishi na virusi hivyohivyo.

Maisha

Alisomea ualimu akafundisha mjini Los Angeles. Mwaka 1980 aliolewa na Paul Michael Glaser, mwigizaji aliyejulikana kwa tamthilia ya televisheni Starsky & Hutch.

Mwezi Agosti 1981 alijifungua mtoto wa kike, Ariel. Alitokwa na damu nyingi, akaongezewa chupa saba. Virusi vya UKIMWI (VVU) vilikuwa bado havijagunduliwa, na kipimo cha kuchunguza damu ya kuongezewa hakikupatikana hadi mwaka 1985. Bila kujua, Elizabeth alimwambukiza Ariel kwa kumnyonyesha. Mtoto wa pili, Jake, aliyezaliwa mwaka 1984, aliambukizwa kabla ya kuzaliwa.

Ariel alianza kuugua mwaka 1985. Mwaka uliofuata familia nzima ilipimwa, na ni baba peke yake aliyekutwa hana virusi. Walificha habari hiyo kwa miaka kadhaa. Kwa jinsi watu walivyouogopa ugonjwa huo wakati ule, marafiki wachache walioambiwa hawakubaki wote.

Kifo cha Ariel

Mwaka 1987 dawa ya AZT iliidhinishwa Marekani kwa watu wazima. Watoto hawakuruhusiwa kuipata, kwa kuwa haikuwa imejaribiwa kwao. Tahadhari hiyo ilikuwa na sababu: mwili wa mtoto hauitumii dawa kama wa mtu mzima, hivyo kipimo hakipatikani kwa kugawanya tu kile cha mkubwa. Lakini majaribio yenyewe yalikuwa yanasuasua. Watoto wagonjwa walikuwa wachache wakilinganishwa na watu wazima, tena wengi wao walitoka katika familia maskini zisizo na mtu wa kuwasemea.

Ariel alipoteza uwezo wa kutembea na kuzungumza. Mwaka 1988 hatimaye alipewa AZT kwa njia ya mshipa, akapata nafuu kwa muda, ila alikuwa amechelewa. Alifariki Agosti 1988 akiwa na umri wa miaka 7.

Taasisi

Mwaka huohuo Elizabeth na marafiki zake wawili, Susan DeLaurentis na Susie Zeegen, walianzisha taasisi ya kugharimia utafiti wa UKIMWI kwa watoto. Hakuna kati yao aliyekuwa mwanasayansi. Walikwenda kwa watafiti kuuliza ni maswali gani yamekosa fedha, wakachangisha kwa ajili ya hayo. Elizabeth alifika pia Washington kuonana na wanasiasa, akiwemo Rais Ronald Reagan.

Mwaka 1989 gazeti moja la udaku lilikuwa mbioni kuchapisha siri yao, hivyo familia ikaamua kujitangaza yenyewe. Baada ya hapo alitoa ushahidi mbele ya Bunge la Marekani, na mwaka 1992 alihutubia mkutano mkuu wa chama cha Democratic, akiilaumu serikali kwa uzembe.

AZT iliidhinishwa kwa watoto mwaka 1990. Mwanzoni mwa 1994 jaribio lililofanyika Marekani na Ufaransa lilionyesha kuwa dawa hiyo, ikipewa mama mjamzito na kisha mtoto mchanga, inapunguza maambukizi ya mtoto kutoka asilimia 25.5 hadi 8.3. Elizabeth aliishi kuyaona matokeo hayo. Alifariki mwezi Desemba, akiwa na umri wa miaka 47. Jake alikua hadi utu uzima.

Baada ya kifo chake taasisi ilipewa jina lake. Baadaye ilipanua kazi hadi Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, katika kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Inajulikana pia kwa kifupi chake, EGPAF.