J.R.R. Tolkien: Wadogo Waliobeba Hadithi Kubwa

Hadithi za kimaajabu zimejaa majoka, wachawi na falme ambazo hazijawahi kuwepo. Je, ili zitushike, ni lazima ndani yake awepo binadamu wa kawaida kama sisi? Tuyatazame maisha ya J.R.R. Tolkien, mwandishi Mkatoliki wa Uingereza.

Tolkien alizaliwa tarehe 3 Januari 1892 huko Bloemfontein, Afrika Kusini ya leo. Baba yake alifariki mwaka 1896. Mwaka 1900 mama yake, Mabel, alipokelewa katika Kanisa Katoliki, na kwa sababu hiyo baadhi ya ndugu wakamnyima msaada. Alifariki kwa kisukari mwaka 1904, akiwa amewakabidhi wanawe wawili kwa Padre Francis Morgan wa Oratorio ya Birmingham. Padre huyo akawalea kama baba.

Machi 1916 Tolkien alimwoa Edith Bratt. Miezi michache baadaye alikuwa Ufaransa, katika mapigano ya Somme, akiwa ofisa wa mawasiliano. Rafiki zake wawili wa karibu, Rob Gilson na G.B. Smith, walikufa mwaka huohuo. Yeye alirudishwa nyumbani na homa ya mahandaki, inayoenezwa na chawa. Lakini kule vitani aliwaona askari wa vyeo vya chini wakivumilia mateso bila makuu. Hakuwasahau.

Kwa miaka mingi aliandika masimulizi ya enzi za kale, yenye viumbe wasiokufa na vita vya kutisha. Mwaka 1937 ikatoka riwaya yake *The Hobbit*. Mchapishaji alipoomba kitabu kingine, Tolkien alimpelekea yale masimulizi ya kale, hayakukubaliwa. Kilichotakiwa ni habari zaidi za wahobiti. Ndipo akaanza *The Lord of the Rings*, iliyotoka mwaka 1954 na 1955.

Wahobiti ni wafupi, miguu yao ina manyoya, na wanapenda chakula na bustani. Kwa umbo si kama sisi. Hata hivyo, wanaona njaa, wanaogopa, wanakumbuka nyumbani, na mtumishi Sam hamwachi Frodo. Yale masimulizi ya kale, yaliyochapishwa mwaka 1977, yana wapenzi wake, lakini wasomaji wengi huyaona magumu kwa kuwa hayana wa kuwashika mkono.

Basi, kwa maoni yetu, hadithi haihitaji umbo la binadamu. Inahitaji moyo tunaoutambua. Sungura wa hadithi za bibi zetu alitufundisha hilo mapema. Moyo huo ni pamoja na udhaifu: mwishoni Frodo anashindwa kuitupa Pete. Kazi inakamilika kwa sababu Gollum, aliyehurumiwa mara kadhaa, bado yu hai. Hapo Mkristo anaitambua huruma inayofika pale nguvu zetu zinapokoma.

Tolkien alifariki tarehe 2 Septemba 1973, akiwa na miaka 81. Mwanawe wa kwanza, John, alikuwa padre.

Sisi tunaojiandaa kuhubiri tuna la kujifunza. Tukiwasimulia watakatifu kana kwamba hawakuwahi kuchoka wala kuogopa, waamini watawastaajabia, kisha watarudi nyumbani wakidhani utakatifu ni wa watu wengine.